Nani Alimwambia Afute Chenga za Mama?

Jumapili, alasiri. Niko Ekero, nyumbani kwa Mama. Mvua imeanza kabla hatujatoka kanisani na bado inapiga mabati. Mama yuko jikoni anachemsha chai. Mimi niko sebuleni, kompyuta mapajani, na nimekasirika.

Nimekasirika tangu jana. Nimelala na hasira, nimeamka nayo, nimeivalisha nguo nzuri nikaenda nayo kanisani, na nimerudi nayo. Mchungaji amehubiri juu ya kusamehe. Nilimsikiliza kwa adabu zote, nikaitikia amina pamoja na wengine, na moyoni nikasema: kesho labda, leo hapana.

Wacha niandike. Nisipoandika nitampigia mtu simu, na nikimpigia nitasema maneno yasiyofaa kutoka kwa mtu aliyekuwa anaimba kwaya asubuhi.

Mimi hutengeneza katuni. Ndiyo kazi yangu, ingawa hapa kijijini bado wanamuulizanga Mama kama nimepata kazi. Nachora kwa kompyuta katika chumba changu kule Kakamega mjini, na tangu mwaka uliopita nimekuwa nikitengeneza katuni moja fupi, inaisha kabla chai yako haijapoa. Inaitwa "Robai, Geuza!"

Robai ni Mama.

Hadithi yenyewe ni ndogo. Baba yake Mama, ambaye sisi tulimwita Kuka, alilima miwa kule Mayoni. Ndiye aliyekuwa wa kwanza pale kwao kununua TV: ndogo, nyeusi na nyeupe, ya kutumia betri ya gari. Jioni majirani walijaa sebuleni mpaka wengine wakakalia kizingiti. Na kila jioni, picha ilipoanza kupotea na kioo kikajaa chenga, zile nukta nyeupe zinazorukaruka, sauti ilitoka ndani: "Robai, geuza!"

Robai alikuwa msichana mdogo. Alitoka nje, kuwe na mvua kusiwe na mvua, akashika ule mlingoti wa mkaratusi uliobeba antena, akauzungusha polepole. Ndani wakamwelekeza kwa makelele. Bado! Bado! Hapo! Umepita, rudisha! Hapo hapo, usitoke!

Usitoke. Hilo ndilo neno. Maana ule mlingoti ulikuwa na kiburi chake: ukiushika picha inatulia, ukiuachilia ni chenga. Kwa hivyo Robai alisimama pale ameukumbatia mpaka habari ziishe, na mieleka iishe, na kila kitu kiishe. Alisikia watu wakicheka ndani na hakujua wanacheka nini.

Ndugu zake wavulana walikuwa ndani, mbele kabisa, wamekaa sakafuni. Kwetu kuku akichinjwa, imondo, yaani ile firigisi, ni ya wanaume, na hapana mtu huuliza kwa nini. TV ilipokuja, nayo ikafuata sheria ya imondo.

Siku moja Robai alichoka. Aliuachilia mlingoti akakimbia mpaka dirishani, aone japo mara moja hicho kinachowachekesha watu. Akachungulia kati ya vichwa vya watu. Akaona chenga. Angeona nini kingine, na yeye ndiye aliyekuwa ameishika picha?

Mama alinisimulia hayo akichagua mchele, huku akicheka, vile mtu husimulia kichekesho cha utotoni. Mimi sikucheka. Nilirudi mjini nikaanza kuchora.

Sasa sikiliza. Watu wanafikiri kuipa katuni sura ya TV ya zamani ni kutoa rangi tu. Unabonyeza, rangi inatoka, umemaliza, twende tukale. Hapana, bwana. Ukitoa rangi peke yake unabaki na katuni iliyofiwa. Kompyuta inachora safi mno, mistari yote imenyooka, kila mtu amekaa mahali pake. TV ya Kuka haikuwahi kumwacha mtu akae mahali pake.

Weusi wake haukuwa weusi, ulikuwa kijivu cha jivu la jana. Weupe wake ulivuja: shati jeupe la mtangazaji lilimeza shingo yake. Kando ya kila mtu palikuwa na mwenzake hafifu, kivuli kilichosimama nusu hatua upande wa kulia. Trekta la miwa likipita barabarani, mstari wa nukta ulikatiza kioo. Wakati mwingine picha nzima ilianza kupanda juu, miguu ya mtangazaji ikatangulia na kichwa chake kikafuata kutoka chini. Na betri ilipoanza kufa picha haikuzimika. Ilikonda. Ilisinyaa kutoka pande zote mbili mpaka mtangazaji akabaki mwembamba kama ufito.

Unajua haya yote nilielezwa na nani? Si Mama. Mama angejuaje? Yeye alikuwa nje. Ilibidi niende Mayoni kuwauliza waliokuwa ndani. Binti anatafuta habari za TV ya kwao mama yake, na mama mwenyewe ndiye peke yake asiyeweza kumsaidia. Nilipoligundua hilo niliweka kalamu chini nikatoka nje kutembea, maana ningevunja kitu.

Aliyenieleza mengi zaidi ni Anko Jafeti, ndugu mdogo wa Mama. Anko ana kumbukumbu nzuri sana. Anakumbuka mieleka, anakumbuka nani alimwangusha nani. Alinieleza hata juu ya ile karatasi ya plastiki ambayo Kuka aliibandika mbele ya kioo ili TV yake iwe "ya rangi": buluu juu, nyekundu katikati, kijani chini. Kila mtangazaji alikuwa na paji la uso la buluu na kifua cha kijani, na watu waliotoka vijiji vya mbali waliapa kwamba Jafeti kwao wana TV ya rangi. Tulicheka mpaka Anko akafuta machozi. Sikumuuliza kama kuna siku alitoka nje kumsaidia dada yake. Nilitaka katuni imuulize.

Halafu zikabaki chenga.

Programu ninayoitumia ina chenga zake tayari, za kubonyeza. Lakini hizo si chenga, ni unga. Nukta zote zinalingana, zinacheza kwa adabu. Chenga zenyewe hazina adabu: nyingine kubwa, nyingine ndogo, nyingine zinaruka, nyingine zinajikokota. Nilihangaika nazo mpaka siku moja nikiwa hapa Ekero nikalitafakari lile neno lenyewe. Chenga ni nini? Ni punje zilizovunjika. Kwa nini nazitafuta kwenye kompyuta na Mama anazo jikoni?

Nikatandaza kitambaa cheusi ndani ya ungo, nikamwaga chenga za mchele, nikafunga simu juu ya kiti ielekee chini, nikamwomba Mama apepete. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepungukiwa akili.

"Mmbone, mukhana wanje, binti yangu, siku hizi tunachezea chakula?"

Lakini alipepeta. Kila alipotikisa, nilipiga picha. Chenga ziliruka kwenye ule weusi, zikatawanyika, zikarudi. Nilipoziunganisha zile picha chumbani kwangu mjini na kuziweka juu ya michoro yangu nilipiga yowe, jirani akagonga ukuta. Zilikuwa zenyewe. Kila chenga iliyokuwa ndani ya katuni yangu ilirushwa na mikono ya Mama, mikono ileile iliyoshika mlingoti. Sikumwambia ni za nini. Nilitaka azione ukumbini, kwenye kitambaa kikubwa, amekaa mbele.

Mbele, jameni. Safari hii mbele.

Basi njoo kwa Kizito.

Kizito ndiye aliyeandaa maonyesho ya jana, ya filamu fupi za vijana wa hapa kwetu, katika ukumbi mmoja pale mjini. Alisomea filamu Nairobi, na amerudi na kofia ya sufu ambayo haivui hata jua la saa sita. Kazi yake ilikuwa kuziunganisha filamu zetu ziwe moja, aziweke kwenye projekta, abonyeze. Hiyo tu. Kuunganisha na kubonyeza.

Mama alikuja na kitenge chake kipya na leso begani. Anko Jafeti alikuja na suti. Nilikaa kando yao, mstari wa kwanza. Taa zikazimwa.

Kitu cha kwanza nilichosikia ni krrrrrr. Mlio wa mashine ya sinema inayozungusha reli ya filamu.

Nikadhani ni filamu ya mtu mwingine. Kisha nikaona jina la katuni yangu, na juu yake mikwaruzo. Mikwaruzo mirefu ya wima, inayotetemeka, na manyoya, na vumbi, na madoa yanayowaka na kuzimika. Na yote yamegeuka kahawia, kama picha iliyomwagikiwa chai ya maziwa.

Hebu nijibiwe. Mikwaruzo hutoka wapi? Hutoka kwenye filamu, ule utepe unaopita kwenye mashine na kuchunwa. Hayo ni makovu ya sinema. TV ya Kuka ilikuwa na utepe gani? Ilikuwa na reli gani ya kulia krrrr? Na hiyo rangi ya kahawia, ni nani pale Mayoni aliyewahi kuona TV ya kahawia? Ni uzee wa watu wengine, umepakuliwa mtandaoni, umemwagwa juu ya uzee wetu. Hata kuzeeka tumeazima!

Lakini hilo ningelivumilia. Wallahi ningelivumilia, kama wasemavyo marafiki zangu wa Mumias. Nililowaza ni: ngoja, chenga zinakuja, chenga zitaokoa kila kitu.

Sauti ikasikika: "Robai, geuza!" Na picha kwenye TV ikabaki safi.

Safi kabisa. Mtangazaji anasoma habari, ametulia tuli, shati limepigwa pasi. Hakuna chenga hata moja. Robai akainuka, akatoka kwenye nyumba yenye joto, akaingia kwenye mvua, akaenda akakumbatia mti.

Kugeuza nini? Kwa nini? Picha si ni safi?

Watu wakaanza kucheka. Siwalaumu, hata mimi ningecheka. Ungeona nini wewe? Ungeona msichana ambaye akiitwa jina lake hukimbilia mvuani kukumbatia mti, na hakuna anayejua sababu. Kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Huyo amerogwa," na ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko.

Nilimtazama Mama kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameshika leso kwa mikono miwili.

Halafu ukafika mwisho. Robai anauachilia mlingoti, anakimbilia dirishani, anachungulia. Hapo katuni yangu hujaa chenga, kioo kizima, mpaka sauti inazama, mpaka unamwona Robai mwenyewe akipotelea ndani yake. Huo ndio mwisho. Hakuna mwingine.

Jana Robai alichungulia akaona mieleka. Safi. Ule uso niliouchora kwa mwezi mzima, uso wa mtoto aliyekimbilia kitu akakuta hakipo, ukaonekana kama uso wa mtoto anayefurahia mieleka. Watu wakapiga makofi. Wengine walisema "aaaw."

Na hapo Anko Jafeti akageuka, akampiga Mama begani kwa upole, kwa upendo kabisa, akasema: "Si umeona, Robai? Mimi husemanga kila siku. Hapana mtu arinyimwa. Hata wewe uriangalianga."

Mama alitabasamu. Akafunika mdomo na leso.

"Ndiyo," akasema. "Niliangalianga."

Aliyasema hayo kwa ajili yangu. Nataka hilo lieleweke. Aliona makofi, akaona ni katuni ya binti yake, akafikiri mimi ndiye niliyeamua kuimaliza hivyo. Kwa hivyo akauchukua uongo akaubeba, ili asiniaibishe mbele ya ndugu yake. Amebeba mlingoti, sasa amebeba na huu.

Nilimtafuta Kizito kule nyuma kwenye waya zake. Kabla sijafungua kinywa alinikumbatia.

"Manze, Mmbone, una bahati! Ile faili yako ilikuwa imeharibika mbaya. Chenga kila mahali! Nimekaa nayo juzi na jana nikizitoa moja moja, nikajazia zile picha safi zilizokuwa kwenye tabaka la chini. Halafu nikaipiga vinteji kidogo ikae ya kitambo. Imeweza ama haijaweza?"

Alikuwa anang'aa. Alikuwa anasubiri kushukuriwa.

Mgala muue na haki yake umpe: hakukusudia ubaya. Huku kwetu mtu akiona chenga hafikirii sanaa. Anafikiria waya umelegea. Tumelelewa hivyo sote, tukiona chenga tunainuka kwenda kurekebisha. Kizito naye aliinuka akarekebisha. Lakini si una simu, Kizito? Si una namba yangu? Unatumia siku mbili kufuta kitu ambacho mwenzako ametumia mwaka kukiweka, na hujiulizi hata mara moja kama kimewekwa makusudi? Umenitolea chenga, na wakati huohuo umenipiga chenga, na bado unataka nikushukuru.

Na nikamshukuru.

Ndiyo. Hilo ndilo linaloniwasha zaidi. Mdomo wangu huu, ambao hapa kwenye blogu unajua kufoka, ulifunguka ukasema, "Asante, Kizito, pole kwa kazi." Nikacheka na kucheka. Mtoto wa nyoka ni nyoka: Mama alifunika mdomo na leso, mimi nikaufunika na asante. Tumefundishwa vizuri sisi. Tunakanyagwa mguu na tunaomba radhi kwa kuweka mguu pale.

Nimemkasirikia Kizito. Nimemkasirikia Anko Jafeti na suti yake na mkono wake wa upole. Nimewakasirikia waliocheka. Na Mungu anisamehe, nimemkasirikia Mama kidogo, kwa kukubali haraka hivyo, kwa kucheka miaka yote hii akisimulia jambo lisilochekesha. Ungelia hata mara moja, Mama. Ungetukana mtu.

Chai imeiva. Naitwa.

*

Nimerudi. Mvua bado. Wacha niandike haya yakiwa bado moto.

Methali inasema maji yakimwagika hayazoleki. Lakini faili si maji. Yangu ya mwanzo ninayo, haijaguswa na mtu. Mama alipokaa na kikombe chake nilimwambia, "Mama, ile ya jana haikuwa yangu. Yangu ni hii." Nikaweka kompyuta juu ya meza, nikamgeuzia, nikabonyeza.

Hakuna krrrr. Hakuna mikwaruzo. Kijivu tu, na vivuli, na mstari wa nukta trekta linapopita. Mama akaweka kikombe chini. Akaiona nyumba ya kwao, akamwona Kuka amepanga watu, akacheka kidogo alipoona mtangazaji anapanda juu kwa miguu. Kisha sauti ikasema, "Robai, geuza!" na kioo kikajaa chenga.

Mama akainuka.

Haki ya Mungu, akainuka. Hakuwaza. Kikombe kiko mezani, leso imeanguka, na mwili wake umeshapita kiti cha kwanza, umeelekea mlangoni. Mkono ulikuwa tayari kwenye komeo. Nje kunanyesha ule unyeshaji wa Ekero, na mwanamke mwenye wajukuu anataka kutoka kwenda kushika mlingoti uliooza zamani.

"Mama!"

Akasimama. Akajitazama mkono. Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza nikaona hajui afanye uso gani.

"Inaharibika," akasema.

"Haijaharibika, Mama. Ndivyo ilivyo. Keti. Leo utaona mpaka mwisho."

Alirudi akaketi, lakini kwenye ukingo wa kiti. Alimtazama Robai akizungusha. Chenga zikapungua, picha ikatulia, watu wa ndani wakashangilia, na nje Robai amesimama, maji yanamtiririka. Mama hakucheka tena. Na ulipofika mwisho, Robai alipokimbilia dirishani na kioo kikameza kila kitu, alisogea mbele mpaka pua ikakaribia kompyuta.

"Hizi ni zile chenga zangu," akasema. "Za kwenye ungo."

"Ndizo."

Nikafikiri atacheka, maana ndivyo afanyavyo siku zote. Nilikuwa nimejiandaa kumsikia akicheka.

"Jafeti nilimbeba mgongoni mpaka akajua kutembea," Mama akasema. "Hata siku moja hakukuja kusema, Robai, ingia ndani, wacha nishike kidogo. Hata siku moja, Mmbone. Na baba alikuwa ananiona. Iliniuma. Bado inaniumanga."

Alisema hivyo tu. Hakupaza sauti. Lakini nimekaa na huyu mama maisha yangu yote na sijawahi kumsikia akilitamka neno "iliniuma" juu ya kitu chochote. Niliona aibu kwa vile nilivyomkasirikia. Kumbe hasira alikuwa nayo, tena kubwa kuliko yangu. Hakuwa na mahali pa kuiweka.

Nikamuuliza kama naweza kuituma kwenye grupu ya familia. Nilidhani atasema tuache, ni mambo ya zamani, tusivuruge watu siku ya Bwana.

"Tuma," akasema.

Nikatuma. Nzima, na chenga zake zote.

Anko Jafeti hakukawia. Ameandika, na nanakili hapa neno kwa neno: "Mmbone hii video iko na shida. Inaleta chenga kila mahali. Ile ya jana ilikuwa sawa. Rekebisha utume tena."

Nilimsomea Mama. Nilisoma mara mbili.

Mama akafuta mikono kwenye kitenge. Akanyoosha mkono nimpe simu. Akaniuliza abonyeze wapi ili kusema, nikamwonyesha. Akaisogeza simu karibu na mdomo, na kwa sauti ileile ya kumwita mtu aliye nje, sauti ambayo lazima aliisikia mara nyingi sana ikija kutoka upande ule mwingine wa dirisha, akasema:

"Jafeti! Toka nje ugeuze!"

Akanirudishia simu, akaniuliza kama naongeza chai.

Simu inaonyesha Anko amesikiliza. Mayoni nako, wanasema, kunanyesha.